Kujitolea na kikundi cha hifadhi ya bahari Mtwara: mwongozo kwa anayeanza

Kila ikipita Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi, picha za watu wenye fulana na viroba zinasambaa, na kuanzia jioni hiyo maswali yanaanza kuja yaleyale: najiungaje, kuna malipo, lazima nijue kuogelea, naweza kuja na watoto, mikoko mnapanda lini. Nimeona bora niyaweke yote sehemu moja, mtu akiuliza namtumia hii halafu naendelea na shughuli zangu. Nitaongelea hasa vikundi vinavyosaidia Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hii yetu ya huku Mtwara, ila kama uko Lindi mjini au Kilwa mambo mengi yanafanana, badilisha tu ofisi za kwenda.

Kwa wenye haraka: mshahara hakuna, kuogelea sio lazima, watoto wanakuja kwenye usafi ila sio kwenye kasa usiku, na mikoko tunapanda maji yakiruhusu, sio wewe ukipata nafasi. Hilo la maji lishike vizuri kwa sababu nusu ya wanaojiunga na kupotea wanapotelea hapo, wanadhani ni kazi ya kila Jumamosi saa mbili kamili kama mazoezi ya mpira, wakija mara ya pili wanaambiwa leo tunaanza saa tisa, wanaona kikundi hakina mpangilio. Mpangilio upo, ila anayeupanga ni bahari.

Kwanza ujue unaenda kusaidia nini

Hifadhi ilitangazwa mwaka 2000, ni ya pili nchini kwa hifadhi za bahari, ya kwanza ni ile ya Mafia ya mwaka 1995. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 650, hapo umejumlisha bahari, visiwa, matumbawe, mikoko na nchi kavu. Na ndani yake watu wanaishi, hili wageni wengi hawalijui. Msimbati, Madimba, Nalingu, Mkubiru, hivyo ni vijiji vya watu wanaovua, wana minazi yao na mikorosho yao, wamekuwepo kabla ya hifadhi. Kwa hiyo usije na akili ya Serengeti kwamba ukishapita geti ndani ni wanyama tu. Unaingia kwenye mji wa watu.

Kiserikali iko chini ya Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kwa Sheria Namba 29 ya mwaka 1994. Sio TANAPA. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanahangaika kuandika barua TANAPA halafu wanashangaa hawajibiwi. Mikoko nayo kwa kuwa ni msitu ina mkono wa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo siku ya kupanda kikundi kinapaswa kuwa kimeongea na pande zote mbili.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Sio vingi na usikimbilie kununua vitu vya bei:

- Kitambulisho, cha NIDA au cha mpiga kura. Huku ni jirani na mpaka wa Msumbiji, ukiulizwa wewe nani usianze kujieleza kwa mdomo.
- Raba za zamani za kufunga kamba. Kandambili zinabaki kwenye tope, na pekupeku usithubutu, mizizi ya mchu inasimama juu imechongoka na chaza wanakata mguu kama wembe.
- Glovu nzito, zile za kazi za ujenzi. Zile laini za hospitali zinachanika dakika ya kwanza.
- Kofia, maji lita mbili hivi, na kitu cha kula. Korosho au ming'oko ya kuchemsha inatosha kabisa, usitegemee kuna duka.
- Suruali au sketi ndefu, kanga au kitenge kwa akina dada. Kaptula achana nayo, unapita barazani kwa watu wazima.
- Simu yenye chaji na nauli ya kwenda NA kurudi. Kurudi ndio watu wanasahau, jioni usafiri wa kutoka Msimbati unakuwa wa shida na bodaboda akijua umekwama bei anaipanga yeye.

Ukiwa na shida ya kiafya kama pumu, kisukari, kifafa, mwambie kiongozi mapema. Hamna atakayekuzuia, ila wajue wafanye nini likitokea la kutokea.

Hatua 1: Chagua kikundi kwa kuangalia unapokaa

Kosa la kwanza ni kuchagua kikundi kwa uzuri wa fulana. Angalia umbali. Kama unakaa mjini, Shangani, Ligula, Magomeni, Chuno, kikundi cha kudumu nacho ni kinachofanya kazi fukwe za mjini au Mikindani, au Msangamkuu ambako unavuka na kivuko tu, halafu mara mojamoja mnaungana na wa Msimbati kwa kazi kubwa. Kama uko kijijini ndani ya hifadhi basi huna haja ya kutafuta mbali, anza na BMU ya hapo, yaani kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, wao ndio wenye bahari yao na kazi nyingi za kujitolea zinapitia kwao.

Aliyejiunga na kikundi cha mbali anakuja mara mbili, ya tatu nauli inakata tamaa kabla yake. Bora kikundi kidogo cha karibu chenye watu kumi wanaokuja kuliko grupu la WhatsApp la watu mia mbili ambalo usafi ukitangazwa wanatuma vidole gumba na siku yenyewe wanatokea sita.

Hatua 2: Pita njia sahihi ya kuwapata

Vikundi vingi havina ofisi wala ukurasa wa mtandaoni, usipoteze bando kutafuta. Njia zinazofanya kazi ni hizi:

Mjini nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, au wa manispaa kabisa, vikundi vinasajiliwa kupitia kwao kwa hiyo anajua kipi kipo hai na kipi kimebaki jina. Kijijini nenda ofisi ya kijiji, salimia, jieleze kwa mwenyekiti au mtendaji, atakuelekeza kwa BMU au kikundi cha mazingira. Ya tatu ni ofisi ya hifadhi yenyewe, ulizia vikundi wanavyofanya navyo kazi, mhifadhi anafurahi mtu akija kuuliza badala ya kuja kulalamika.

Kijijini usiruke ofisi ya kijiji hata kama una rafiki ndani ya kikundi. Mtu mgeni akionekana anazungukazunguka ufukweni na simu anapiga picha, maswali yanaanza, na wana haki ya kuuliza.

Hatua 3: Hudhuria kikao kimoja kabla hujatoa hata shilingi

Omba kukaa kwenye kikao kama msikilizaji. Kikundi kizuri hakikatai. Ukiwa pale sikiliza zaidi kuliko kuongea, na mwisho uliza haya:

- Mmesajiliwa wapi, na katiba ipo? Sio lazima usome yote, uone tu ipo.
- Kiingilio na ada ni kiasi gani, na pesa inakaa wapi? Jibu la kuridhisha ni akaunti ya kikundi yenye watia saini zaidi ya mmoja. Jibu la "tuma kwa namba ya katibu" ni la kukufanya ukae kimya ufikirie.
- Kazi ya mwisho mlifanya lini na ipo kwenye daftari?
- Sasa hivi mnapungukiwa na nini?

Hilo la mwisho ndio swali muhimu kuliko yote na ndio halijawahi kuulizwa na wengi. Watu wanakuja na mawazo yao, nataka kupanda mikoko, nataka kuona kasa, kumbe kikundi kina wapandaji wa kutosha na kinachokosekana ni mtu wa kuandika mihtasari, au mwenye pikipiki ya kubeba viroba, au mwalimu wa kuwaunganisha na shule. Ukijaza pengo lililopo unakuwa mwenzao ndani ya mwezi. Ukija na la kwako utabaki mgeni.

Hatua 4: Jiandikishe vizuri

Jaza fomu, andika namba ya mtu wa kupigiwa simu ukipata tatizo, lipa kiingilio, chukua risiti hata ya kuandika kwa mkono. Hapa hakuna mengi. Ila kama kikundi kinaingia ndani ya hifadhi kwa kazi, hakikisha jina lako limo kwenye orodha ya barua inayopelekwa kwa mhifadhi. Mtu anayeingia kama mgeni analipa kiingilio cha hifadhi, na kusema "mimi nimekuja kujitolea" pale getini bila barua hakusaidii kitu, utalipa au utarudi.

Hatua 5: Jifunze maji

Hii hatua watu wanairuka na ndio inayoamua kila kitu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini hivi kuliko jana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya juu na chini inafika mita tatu hivi. Katikati ya hapo ni maji mafu, yanasogea kidogo tu. Wazee wa pwani hawaangalii simu, wanahesabu tarehe za mwezi wa Kiislamu, kuanzia mwezi mosi na kuanzia kumi na tano ndio wanajua bamvua inaingia.

Sasa cha kukariri wewe ni hiki: kwa pwani yetu siku za bamvua maji yanakuwa chini kabisa mida ya saa nne, saa tano asubuhi, na yanajaa mida ya saa kumi jioni. Ndio maana kazi za mikoko na za kwenye miamba zinapangwa siku za bamvua asubuhi, unapata masaa ya kutosha mchana kweupe. Siku za maji mafu kupwa kwenyewe kunaangukia alfajiri au jioni na hakukupi nafasi, siku hizo ni za vikao, kitalu cha miche, na kwenda mashuleni.

Mnaingia maji yakiwa yanatoka, na mnatoka kabla hayajaanza kurudi kwa nguvu. Hesabu masaa mawili kabla ya kupwa kabisa ndio muda wa kuwa eneo la kazi. Kama umevuka mkondo mdogo kwenda upande wa pili maji yakiwa kwenye vifundo, kumbuka huo mkondo ndio unaojaa wa kwanza, bahari haitaanza kwa kukujazia mbele yako, itakuzunguka nyuma. Katika kila timu awepo mtu mmoja kazi yake kuangalia maji tu, na akisema tunatoka mnatoka hata kama imebaki miche mitano.

Halafu upepo. Kusi ikivuma bahari inachafuka, safari za boti za visiwani zinaahirishwa na usilalamike. Na masika sikiliza taarifa za TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga hapo tu ng'ambo Msumbiji na huku watu walitolewa majumbani, kwa hiyo tahadhari ikitoka hakuna cha usafi wala nini.

Hatua 6: Anza na usafi wa ufukwe

Kila mtu aanzie hapa, hata ukiwa na digrii ya bahari. Ndipo unapowajua watu na wao wanakujua.

1. Kabla ya siku, uliza taka zitaenda wapi. Nasema kabla. Viroba arobaini vikishajaa na hamna gari vinabaki ufukweni, bamvua inakuja jioni inavichukua vyote, mmefanya kazi ya kuhamisha takataka. Ongeeni na watu wa usafi wa halmashauri mapema, na kwa chupa za plastiki wapo wanunuzi wa kwa kilo.
2. Tumieni viroba vya saruji au vya unga vilivyosafishwa. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 2019 na hata ingekuwepo isingebeba mchanga.
3. Anzeni kwenye mstari wa maji kujaa, ule wenye majani makavu, taka nyingi ziko hapo. Gaweni ufukwe vipande, wawili wawili, mmoja anaokota mwingine anashika kiroba.
4. Tenganisheni palepale: chupa huku, kandambili na plastiki nyingine huku, vioo peke yake, nyavu peke yake.
5. Pimeni kwa mzani na mwandike kwenye daftari. Inaonekana ni usumbufu ila hiyo namba ndio inayowapa nguvu mkienda kuomba gari kwa mkurugenzi, maneno matupu hayabebi.

Majani ya bahari yaliyotupwa na mawimbi yaacheni, sio uchafu, yanashika mchanga usiondoke. Kuna watu wanafagia ufukwe mpaka uwe mweupe kama uwanja wa harusi, hapana.

Sindano, chupa za dawa, kitu chochote usichokielewa usikiguse, weka alama muite kiongozi. Wavu ulionasa kwenye matumbawe usiuvute, unakatwa kidogokidogo na anayejua, ukivuta unang'oa tumbawe lililochukua miaka mingi kukua.

Hatua 7: Ndipo uende kwenye mikoko

Picha zote nzuri ziko hapa na makosa mengi yako hapa. Kupanda ni rahisi, kupanda ikaota ndio kazi.

Kwanza kabla ya kupanda popote jiulizeni kwa nini mikoko haipo pale. Kama ilikatwa, sawa, panda. Kama maji yamezibwa na barabara au tuta, zibueni kwanza, mara nyingi maji yakirudi na mikoko jirani ipo mbegu zinakuja zenyewe bila ya mtu kushika jembe. Na kama ni mchanga wazi wa mbele ambao haujawahi kuwa na mkoko tangu babu zetu, au pana majani ya bahari, achaneni napo, mtapanda elfu na hautabaki hata mmoja.

Pili, kila aina ina mahali pake. Mlilana unakaa mbele kabisa upande wa bahari, mkoko wenyewe ule wa mizizi ya magoti unafuata kwenye tope laini, mkandaa unakaa nyuma zaidi kwenye pagumu, mchu unavumilia sehemu nyingi. Muulize mzee wa pale, atakuonesha bila hata kufikiria.

Kwa mkoko wenyewe, zile mbegu ndefu zinazoning'inia:

1. Chukueni zilizokomaa tu, ukizungusha kidogo inaachia yenyewe na shingo yake imeanza kuwa njano. Inayong'ang'ania bado, iache. Zilizotobolewa na wadudu tupa.
2. Zibebwe kivulini, ndani ya kiroba chenye unyevu, zipandwe mapema, zisilale juani.
3. Sehemu iliyochongoka inaingia chini, kichwa chenye kichipukizi kinabaki juu. Usicheke, kila awamu kuna mtu anapanda kichwa chini.
4. Zamisha kama theluthi moja tu. Ukizamisha sana inaoza, ukiacha juu sana maji yanaibeba.
5. Mita moja mpaka moja na nusu kati ya mche na mche. Usichimbe shimo, sukuma tu kwa mkono.
6. Rudini. Baada ya wiki mbili, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, hesabuni iliyobaki, toeni plastiki na mwani uliojizungusha kwenye vijiti, angalieni mbuzi. Kikundi kisichorudi kuhesabu hakijapanda, kimepiga picha.

Upande wa maingilio ya Ruvuma usiende kwenye mikoko peke yako wala bila mwenyeji. Kule kuna viboko na mamba, na hili sio la kutishia watoto.

Hatua 8: Kasa, ukishaaminika

Huku wanaotaga ni kasa wa kijani na ng'amba. Mama anapanda usiku, anafukia mayai mia na ushei, anarudi baharini, na wale wadogo wanatoka baada ya siku kama hamsini mpaka sitini hivi. Ni mnyama anayelindwa na sheria, nyama yake, mayai yake, gamba lake, vyote.

Kazi ya mtu mpya sio kushika kasa. Ni kutembea asubuhi mapema kuangalia kama kuna njia mpya kwenye mchanga, zile alama pana kama tairi la trekta, na kumtaarifu mtu aliyefundishwa kazi hiyo kijijini. Basi. Usichimbe kuhakikisha, usihamishe mayai hata kama unaona maji yatayafikia, kuna anayejua namna ya kuyahamisha na yai likigeuzwa vibaya linakufa. Usichapishe mtandaoni kiota kilipo. Picha ya kiota yenye mnazi unaotambulika nyuma ni sawa na kumpigia simu mwizi wa mayai.

Ukibahatika kualikwa usiku: hakuna flashi, tochi iwe nyekundu, unaweza kufunga karatasi nyekundu ya nailoni mbele, mnakaa nyuma ya mnyama sio mbele yake, mnanyamaza. Vifaranga vikitoka vinafuata mwanga wa bahari, ukiwasha tochi nyeupe vinakufuata wewe. Na wale wenzangu mnaopenda kupitisha magari kwenye mchanga wa Msimbati, viota viko hapohapo chini ya tairi.

Makosa ninayoyaona kila msimu

Kupanga kazi Ijumaa mchana. Au kupanga kazi ya tope saa sita ya jua ndani ya Ramadhani halafu mnashangaa wenyeji hawakuja.

Kujifanya askari. Mtu wa kujitolea hana mamlaka ya kukamata mtu wala kuchukua wavu wa mtu. Ukivaa fulana ya kikundi ukaanza kufokea wavuvi umewaharibia wenzako miaka ya kujenga maelewano.

Kupiga picha kila kitu. Watu waombwe kwanza, hasa akina mama wanaotanda dagaa au kuokota chaza, na miundombinu ya gesi ya Mnazi Bay na Madimba simu ikae mfukoni kabisa.

Kuja na posho kichwani. Siku kukiwa na mradi kunaweza kuwa na nauli na chakula, siku nyingine hakuna, ukijiunga kwa ajili ya posho utanuna mwaka mzima.

Ikigoma

*Nimepiga simu, nimeandika, hawajibu.* Angalia mwezi. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba ni korosho, watu wako shamba na kwenye minada, hata mwenyekiti hayupo. Nenda mwenyewe kwa miguu, au subiri Januari.

*Wanakijiji wananiona kama mtu wa hifadhi, hawataki kuongea.* Kuna wenye machungu yao ya kuzuiwa kuvua sehemu fulani na usijaribu kuwashinda kwa hoja. Sikiliza, sema wewe ni nani na umetoka wapi, okota taka zako. Ukionekana mara ya nne wataanza wao kukuita.

*Mikoko yetu imekufa karibu yote.* Angalieni ilikufaje. Imeng'oka yote: mawimbi, mmepanda mbele mno. Imekauka imesimama: pako juu mno, maji hayafiki. Imefunikwa na vigamba vinavyoganda kwenye shina: inakaa majini muda mrefu mno. Imekatwa ncha: mbuzi au kaa. Msirudie palepale kwa namna ileile.

*Nimeona mtu anakata mikoko, au nimesikia mlio wa baruti baharini.* Usimfuate. Andika muda, mahali, uelekeo, mpigie kiongozi wa BMU, mwenyekiti wa kijiji au mhifadhi, na jina lako lisizunguke kwenye magrupu.

*Nimechomwa na kitu majini.* Toka majini kwanza. Kama ni samaki wa sumu, yule anayefanana na jiwe, au ni samaki taa, yule mwenye mwiba mkiani, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, huku unapelekwa kituo cha afya. Usichanje, usinyonye.

*Pesa za kikundi hazieleweki.* Omba taarifa ya mapato na matumizi kwenye kikao, mbele ya watu, kwa adabu. Wakizunguka vikao viwili, nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, ndio kazi yake.

*Jumamosi nafanya kazi.* Omba kazi ya siku nyingine: kumwagilia kitalu, kuandika daftari, kufuatilia barua halmashauri, kushona viroba. Wa hizi kazi ndio haba.

*Nimechoka, nataka kupumzika.* Ruhusa. Sema, usipotee tu. Kabidhi daftari kama lilikuwa kwako, eleza miche uliyokuwa unahesabu iko wapi, na zile glovu za kikundi zirudishe, tunazo pea chache.